Kidole cha Sigilai

Guildford, Sydney
16 Februari 2025

…kwa hiyo hapana, Babu, sikulia kwa sababu ya kuwaacha. Nililia kwa sababu Égide alisinzia kabla ndege haijaruka, kichwa chake kikaniangukia begani, nikawaza kwamba mtu huyu sasa ni wangu hata akiwa usingizini. Uliponiuliza kwenye simu, kaka Kipyegon alikuwa amesimama karibu nawe, nikaona haya. Sasa nimekujibu.

Chamgei, Babu. Na shikamoo juu yake, maana mume wangu anasema kule kambi ya wakimbizi Kigoma alikokulia mzee hasalimiwi kwa neno moja. Sisi hatujambo, tena hatujambo kupita kiasi. Tuna vyumba viwili ghorofa ya pili, na dirisha la jikoni linatazama reli; treni ikipita, vikombe vinacheza. Égide anafanya kazi ghalani Smithfield. Huondoka alfajiri, na kila siku ananiachia chai kwenye chupa na kikaratasi chini yake. Cha jana kilisema: "Nimeshakukumbuka na bado sijavaa viatu." Nimevihifadhi vyote. Mimi nimeanza kozi ya kuhudumia wazee, na mwalimu wetu anashangaa kwamba nawainamia wagonjwa ninapowasalimu.

Haya, lile jambo letu. Karatasi uliyonitia mkononi siku ya harusi ninayo. Harold Pettifer, mtaalamu wa alama za vidole, polisi Nairobi. Alipelekwa kwenye kikosi cha kazi wakati wa vita vya pili. Alihamia Sydney mwaka 1964. Ukaniambia nimtafute, nikuandikie barua, nisipige simu. Nitamtafuta, Babu, ila huyo mtu atakuwa amekufa zamani. Unamtakia nini? Bibi harusi alipewa sufuria na mablanketi, wewe ukanipa polisi.

Mjukuu wako,
Chepngetich


Londiani
14 Machi 2025

Mke wangu mdogo uliyeibiwa,

Chamgei mising. Mwambie huyo mwizi wako kwamba salamu zake mbili nimezipokea, lakini hazilipi deni. Mimi ndiye niliyekuchumbia kwanza, ukiwa na meno manne.

Sisi ni wazima. Mvua imechelewa, mahindi hatujapanda. Goti langu la kushoto limestaafu kabla yangu. Kaka yako Kipyegon anajenga choo kipya na anajiona mhandisi. Mkewe, Jebiwott, ni mjamzito. Daktari amesema mwisho wa Agosti. Nyumba nzima imeshaanza kubishana majina.

Kwa kuwa najua barua hizi mnazisoma wawili, mweleze mume wako desturi yetu asije akatucheka. Mtoto akizaliwa, akina mama wazee humwitia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Akipiga chafya kwenye jina, basi huyo ndiye aliyerudi. Baba yangu Kimitei ataitwa, bila shaka, kwa ajili ya medali yake iliyo ukutani. Mdogo wake Sigilai haitwi. Mwaka 1942 chifu alipokuja kuchukua vijana wa kikosi cha kazi, Kimitei alikwenda, akarudi baadaye akisema ameachishwa kwa ugonjwa; Sigilai akakimbilia Uganda, hakuonekana tena. Jina la mtoro halimwiti mtoto. Ndivyo tulivyolelewa.

Umeuliza namtakia nini Pettifer. Nitakwambia kazi yake, sababu yangu niachie mwenyewe. Kwenye vikosi vile walikuwamo wanaume maelfu wasiojua kuandika, na majina yao yakifanana kama mbuzi wa kundi moja. Karani angemwita Kiprono wakatoka arobaini. Kwa hiyo polisi waliwapeleka kambini wataalamu wa vidole wachache, na mtu akawa kidole gumba chake. Hao ndio waliojua nani ameandikishwa mara mbili, nani ametoroka, na maiti hii ni ya nani. Niliingia ofisi ile ile mwaka 1965, Pettifer ameshaondoka, lakini sahihi yake ilikuwa kwenye kila droo.

Usipige simu. Simu ya nyumba hii ni ya kila mtu.

Babu yako,
Ephraim


Guildford
13 Aprili 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo na chamgei. Égide amesoma kwamba yeye ni mwizi na amefurahi mno. Ameibandika barua yako kwenye friji. Hongera kwa Jebiwott. Mwambie ale vizuri, na asimruhusu kaka amjengee mtoto kitanda.

Tumekuwa na Jumamosi tamu kuliko zote tangu harusi. Kwenye kitabu cha simu nilimpata Pettifer mmoja Macquarie Fields, mbali huko kusini, treni mbili. Égide alivaa tai. Mlango ulifunguliwa na mzee mwekundu kama nyanya, na kweli nyanya ndizo alizokuwa nazo, uwanja mzima. Hajawahi kufika Kenya. Baba yake alikuwa fundi wa mabomba. Mimi ningeaga pale pale, lakini Égide hawezi kumkatiza mzee, kwa hiyo tulizungushwa kwenye kila mche kwa saa mbili. Kwenye treni ya kurudi tulikula nyanya na chumvi ya pakiti, nimeegemea tai yake, nikamwambia hata tusipompata polisi mwenyewe nitamshukuru Babu kwa siku hii.

Usikate tamaa lakini. Bi Honorine wa kanisani kwetu, Mkongo anayemjua kila mtu, alinishauri niache kitabu cha simu niende maktaba ya Parramatta, niombe magazeti ya zamani. Mkutubi alinisaidia siku mbili. Tukapata tangazo la kifo la mwaka 1986: Harold Pettifer, zamani wa polisi wa Kenya, ameacha binti mmoja, Audrey. Nimekiandikia pia chama cha polisi wastaafu kuuliza kama binti yupo hai. Nangoja.

Babu, kwa nini hutaki hata kaka ajue?

Wako,
Chepngetich


Londiani
8 Mei 2025

Mke wangu,

Chamgei. Wazima. Mvua imekuja yote kwa siku moja. Choo cha Kipyegon kimeinama.

Mtafute Audrey. Ukimpata, uliza kama baba yake alikuwa na daftari lake binafsi. Wataalamu wa zamani wote walikuwa nalo.

Swali lako la mwisho nimeliona.

Ephraim


Guildford
8 Juni 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo, chamgei, habari za nyumbani? Huku baridi imeingia na mimi sikuambiwa kwamba Australia ina baridi. Égide aliniletea blanketi lenye umeme ndani yake, unalibonyeza linapata joto, nikalia kwa furaha akadhani nimeungua.

Tumenunua pazia. Nilitaka kijani, yeye akataka rangi ya maziwa, tukasimama dukani mpaka mwuzaji akaenda kula akarudi. Mwishowe alisema nichague mimi kwa sababu yeye hatakuwa anatazama pazia. Kwa hiyo ni la kijani, lina maua madogo pembeni, na nimelikunja chini kwa mkono wangu kwa sababu lilikuwa refu. Treni zikipita sasa linapepea kama gauni. Jirani yetu Goreth ana binti wa miaka sita, Keza, anayekuja kulishika. Namsemesha Kiswahili, anaelewa kila neno, na kila neno ananijibu kwa Kiingereza. Nikimwambia aseme "pazia" anaficha uso ndani yake.

Kwaya ya kanisani imenipa sauti ya pili. Égide anaimba besi, tena vibaya, lakini ananitazama mimi badala ya mwalimu, kwa hiyo simlaumu.

Kozi yangu nimefaulu. Nitaanza kazi Julai. Na ninyi? Jebiwott anaendeleaje? Goti?

Mengine nitakuandikia.

Chepngetich


Londiani
1 Julai 2025

Mke wangu mdogo,

Chamgei. Hongera kwa kozi. Jebiwott ni mzima na amekuwa mkali. Goti lile lile.

Barua yako ina kurasa tatu. Pazia limepata ukurasa mzima na Pettifer hakupata mstari. Nimefanya kazi polisi miaka thelathini na mitatu. Mtu anayetafuta kwa furaha miezi mitatu, kisha akanyamaza ghafla, hajakosa. Amepata, na alichokipata kinamhusu anayemwandikia.

Wewe unanionea huruma, kwa hiyo nitatangulia mimi.

Mwaka 1967 nilikuwa najifunza kazi. Anayejifunza vidole hana wa kumjaribia ila jamaa zake. Krismasi ile nilikuja nyumbani na wino na rola, nikawapaka wote. Mama alisema hashiki unga mpaka atakate. Baba alinipa mkono wake akitazama pembeni. Wakati ule nilidhani anaona aibu ya mchezo. Niliporudi Nairobi nikavuta droo nitazame kadi yake ya kikosi cha kazi, kwa fahari tu, nimwone baba akiwa kijana. Namba ilikuwa yake. Jina lilikuwa lake. Kidole hakikuwa chake. Gumba la baba lina duara kamili. Lile la kwenye kadi lilikuwa kitanzi chenye kovu katikati. Nilirudia mara nne kwa kioo cha kukuzia. Chini palikuwa na sahihi ya Pettifer.

Niliipiga picha kadi nikairudisha mahali pake, nikafunga droo. Baba sikumwuliza. Alikufa mwaka 1983 na tukamzika kwa nyimbo, na mchungaji akasifu medali. Nami nilisimama pale na kofia mkononi.

Nimedhani siku zote kwamba kidole kile ni cha Sigilai. Lakini Sigilai alikuwa kijana mdogo, hakuwa na kipande, kile kitambulisho cha enzi ya ukoloni, wala hakuna pengine popote alipowahi kuweka kidole. Siwezi kuthibitisha. Kama ni yeye, mtoro si yeye. Mtoro ni baba yangu, na kwa miaka themanini tumemnyima jina mtu asiye na kosa. Agosti inakuja. Mimi nina miaka themanini na miwili na sitaona watoto wengi wakiitiwa majina.

Sasa niambie ulichokiona. Mimi si yai.

Babu yako,
Ephraim


Guildford
20 Julai 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha Égide akanisomea tena nimekaa. Tusamehe. Tulikipata mwezi wa tano. Mimi ndiye niliyesema tusikwambie.

Chama cha polisi wastaafu kilinijibu: Audrey yupo hai, ana miaka themanini na minane, anaishi peke yake karibu na ghala la Égide. Mume wangu alikuwa akipita mbele ya nyumba yake kila siku. Aliondoka Nairobi akiwa mtu mzima, na Kiswahili anakijua cha jikoni tu, cha kuamrisha. Tulipoingia akasema: "Kuja hapa. Keti. Lete chai upesi." Alidhani anatukaribisha. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa, lakini Égide aliinuka akaenda jikoni akapika chai kweli, akamletea na shikamoo. Tangu siku hiyo anampenda kuliko mimi.

Daftari lilikuwa kwenye droo ya cherehani. Alikataa tulishike. Alisema anajua kilichomo, na kwamba baba yake aliapa kiapo cha polisi akakivunja, na hataki watu wamcheke kaburini. Tulirudi Jumapili tatu. Égide alimkatia nyasi. Jumapili ya nne aliniuliza ninamtafutia nani, nikamwambia ni babu yangu, naye alikuwa mtu wa vidole kwenye ofisi ile ile. Kisha akalifungua mwenyewe. Nimeyageuza Kiswahili maneno ya baba yake kadiri nilivyoweza:

"Namba hii sasa ina watu wawili. Kimitei alitoroka wiki ya sita. Leo amekuja kijana na kipande cha Kimitei, kidole si chake. Nilimuuliza. Akasema, ni kaka yangu, ana mke mpya, analia usiku. Mimi sina mtu. Nimeichoma kadi ya kwanza nikaandika mpya kwa kidole hiki. Anafanya kazi ya watu wawili."

Halafu mwaka 1944, barabara ya Marsabit:

"Homa ya matumbo imemchukua yule wa kidole chenye kovu. Nikimwandika amekufa, kaka yake atakuwa maiti anayelima. Nimeandika Kimitei ameachishwa kwa ugonjwa. Kaburi nimeliacha bila jina. Jina lake ni Sigilai. Kwenye kitabu cha serikali halina mahali, kwa hiyo naliandika hapa."

Na chini ya jina, Babu, kipo kidole chenyewe kwa wino. Picha yake nimeifunga humu, ukubwa ule ule.

Nilificha kwa sababu baba yako ndiye aliyetoroka. Niliogopa utaiona barua yangu kama kofi. Lakini nikwambie jambo ambalo labda ni mtu wa miezi sita ya ndoa tu anayeweza kulisema. Mimi simwoni mwoga. Aliacha mke wa majuma machache akapelekwa kuponda mawe, na siku ya arobaini miguu ikamrudisha. Égide akienda ghalani nami hesabu zangu ni hizo hizo, na yeye hurudi saa tisa mchana. Wewe ulizaliwa 1943. Kama Kimitei angebaki kambini wewe hungekuwapo, wala mimi, wala huyo anayengojwa na Jebiwott. Kosa lake si kukimbia. Kosa lake ni kuwaacha watu waseme Sigilai ndiye aliyekimbia.

Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Chepngetich


Londiani
9 Agosti 2025

Mke wangu,

Chamgei. Barua hii Kipyegon, ambaye mwezi huu ana kibarua Nairobi, ataituma kwa njia ya haraka kutoka huko. Nimemwambia ni mambo ya pensheni.

Hukuvuka mpaka. Nililia kidogo, halafu nikatafuta kioo changu.

Nimeweka picha yako kando ya picha yangu ya mwaka 1967. Sheria yetu ilikuwa nukta kumi na sita za mistari zinazolingana. Ukipata kumi na tano husemi kitu mahakamani. Asubuhi ya kwanza nilipata kumi na moja, macho yakakataa. Nikaacha. Siku ya pili nikakaa nje kwenye jua na nikaanza upya, nikitoka kwenye kovu. Kumi na sita. Nikaendelea mpaka kumi na tisa kwa sababu nilikuwa na raha. Ni mtu mmoja, na mtu huyo ni Sigilai.

Medali nimeishusha ukutani. Wameuliza, nikasema naisafisha.

Sasa linalobaki ni gumu kuliko nukta. Majina yanaitwa na akina mama, si mimi. Mkubwa wao, shangazi yako Tabutany tuliyekua naye, nilimgusia tu juzi, kwamba pengine Sigilai hakukimbia. Akanijibu mbele ya Jebiwott: "Ephraim, uzee umekupa huruma ya bure. Lete ushahidi au lete maziwa." Wakacheka wote. Sikumlaumu. Picha ya karatasi iliyotoka ng'ambo, mikononi mwa mzee wa goti moja, si ushahidi. Wanataka kitabu. Wanataka kuona wino.

Na kuna jambo jingine ambalo mpaka leo sijakuandikia. Nikisema kwamba baba ndiye aliyetoroka, nitakuwa namvua baba yangu nguo mbele ya wajukuu wake. Nimejaribu kulisema kwa sauti nikiwa peke yangu shambani. Sauti haikutoka.

Jebiwott amevimba miguu. Daktari bado anasema mwisho wa mwezi.

Ephraim


Guildford
18 Agosti 2025

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo na chamgei mising. Barua hii anaibeba Méthode, rafiki wa Égide, anaruka kesho; atampa kaka Nairobi, naye akuletee bila kuifungua, nimeigundisha kwa utepe mwingi.

Sisi ni wazima. Mambo ya pazia na kwaya nitakusimulia kwa mdomo, maana nitakuwa na mdomo huko huko.

Jana baada ya ibada tulikwenda kwa Audrey. Nilimsomea barua yako, ile sehemu ya kumi na sita na kumi na tisa, na pale mwisho ambapo sauti haikutoka. Aliomba nirudie. Akasema miaka yote amedhani baba yake pekee ndiye aliyekaa na siri hiyo, kumbe kulikuwa na mtu wa pili, tena wa ofisi moja. Kisha alikwenda kwenye cherehani mwenyewe, na fimbo yake, hakutaka kushikwa. Akaniwekea daftari mapajani. Akasema kwa Kiswahili chake, ambacho safari hii hakikuwa amri hata kidogo: "Peleka. Onyesha mama wote. Rudisha."

Nauli tulikuwa tumeweka kwa ajili ya fungate yetu. Tulipanga kwenda pwani ya kaskazini, mahali penye mchanga mweupe, Égide alishanunua kofia. Nilipoinua macho kumtazama, alikuwa ameshaitoa simu anatafuta ndege. Hakuniuliza. Babu, niliolewa naye upya pale pale kwenye kiti cha Audrey.

Kwa hiyo sikiliza. Usiseme peke yako. Usijaribu tena shambani. Shangazi Tabutany mwambie kwamba ushahidi unakuja kwa miguu yake, na maziwa tutanunua njiani. Daftari halitaingia kwenye mzigo. Égide atalishika mikononi toka Sydney mpaka Londiani, ameapa. Utalifungua wewe, kwa sababu wewe ndiye unayejua kusoma kidole, na akina mama watautazama wino. Sauti ikikataa, mimi nitasoma maneno ya Pettifer, na wewe utaweka kidole chako kando ya kile, uwaonyeshe kovu. Kuhusu baba yako, tutalisema pamoja na la mke mpya ambaye yeye alikuwa akimlilia usiku. Tusiliache nje. Akina mama hawatalipita hilo bila kutulia.

Mwambie Jebiwott apumzike, ainue miguu, asipande ngazi, asicheke sana.

Ndege yetu inatua Nairobi Jumatano tarehe 27 asubuhi, na jioni hiyo hiyo tutakuwa kwenye barabara ya Londiani. Mwezi huu hautaisha, Babu, kabla hujaniona nikiingia kwako na huyo mwizi wako, daftari likiwa kifuani pake.

Mjukuu wako,
Chepngetich